Nani Aliyelipa Nauli?

Mtu wa Marekani asafiri usiku kwenda Ulaya katika daraja la biashara. Kiti chake chakunjuliwa kikawa kitanda, naye aandaliwa chakula kama mgeni wa heshima. Akiulizwa bei, ajibu kwa furaha: “Nimelipa kodi kidogo tu, kiti ni cha bure, kwa pointi za kadi yangu ya mkopo.” Je, msomaji, ni cha bure kweli?

Kwanza tulitazame jambo lenyewe. Mwaka 1981 kampuni ya American Airlines ilianza kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri, ili wapate safari za zawadi. Baadaye mabenki yakanunua maili kwa makampuni ya ndege, yakawagawia wenye kadi kwa kadiri ya manunuzi yao. Fedha hizo zatoka wapi? Nyingi zatoka madukani. Kila kadi itumikapo, mwenye duka hukatwa ada, ambayo huko Marekani yapata asilimia 2 ya bei. Naye, asipate hasara, huitia ada hiyo katika bei za vitu vyake vyote. Basi mama anunuaye mkate kwa fedha taslimu, asiye na kadi wala pointi, ailipa pia. Fedha nyingine ni riba ya wale walioshindwa kumaliza deni lao kila mwezi.

Mwaka 2010 wataalamu wa Benki ya Federal Reserve ya Boston walipiga hesabu. Waliona kwamba, kwa wastani, kila nyumba itumiayo fedha taslimu huwachangia wenye kadi dola 149 kwa mwaka, na kila nyumba itumiayo kadi hupokea dola 1,133.

Je, msafiri wetu ni mwizi? La. Hakumdanganya mtu, alipewa kwa mapatano halali. Tena akiikataa zawadi yake leo, bei ya mkate haitashuka hata senti moja. Lakini mtu aweza kuwa si mwizi, na bado akawa na deni. Mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea. Asiyejua ana udhuru. Ajuaye ana wajibu.

Wajibu gani? Wa kwanza ni kusema kweli: aliache neno “bure”, maana nauli imelipwa, na baadhi ya walioilipa hawatapanda ndege maisha yao yote. Wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba ada iendayo kwa benki ya mwenye kadi ya mkopo isizidi asilimia 0.3. Huko Marekani, mswada wa kuleta ushindani ili ada zipungue uliletwa katika Baraza la Senate mwaka 2022. Mabenki na makampuni ya ndege yakaupinga, yakiwaonya wenye kadi kwamba zawadi zao zitapotea.

Hapo ndipo dhamiri ya msafiri ipimwapo. Watu wenye busara waweza kuhitilafiana kama sheria fulani ni njema. Lakini akiipinga kwa sababu moja tu, yaani kitanda chake cha angani, basi ajue sasa amechagua, na ya kuwa anayelipa ni yule mama wa mkate, ambaye hakuulizwa.