Shamba Lenye Fosforasi na Mahindi Yenye Njaa

Kijana mmoja wa Kakamega alirithi ekari ya udongo mwekundu. Mama yake mkubwa alimwonya mapema: "Mwanangu, huo uzio wa tithonia usiukate, na mabua usiyachome." Akajibu, "Mama, mbolea iko dukani." Akafyeka uzio, akachoma mabua, akaacha maharage, akawa anapanda mahindi matupu kwa mbolea ya DAP kila msimu.

Mwanzoni alivuna vizuri, na hapo ndipo alipoponzeka. Baadaye mahindi yakadumaa yakiwa bado ya magotini, majani yakaingia rangi ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi. Akaongeza mbolea. Zambarau haikuondoka.

Inauma, kwa sababu fosforasi ilikuwemo. Katika udongo mwekundu wenye tindikali, chuma na alumini huidaka fosfati na kuikaza. Amonia ya DAP, bakteria wakiigeuza kuwa nitrati, huongeza tindikali hiyo. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kuviza mizizi. Tena fosfati ni nzito kutembea: husogea milimita chache tu, hivyo mzizi ukishamaliza iliyo jirani yake hubaki na njaa. Wanaoufikisha mbali ni kuvu wa mizizini. Nyuzi zao, nyembamba kuliko unywele, hunyooka sentimita kadhaa, huleta fosfati na kulipwa sukari. Bakteria nao huozesha masalia ya mimea, huficha fosfati miilini mwao ambako chuma hakiifikii, na wakifa au wakiliwa na vijidudu vingine huiachia karibu na mizizi. Yale mabua yaliyoteketezwa yalikuwa chakula chao! Na kila jembe lilipogeuza udongo lilizikata zile nyuzi.

Aliporudi kwa mama mkubwa, hakulaumiwa. Alipewa vipando vya tithonia. Majani yake mabichi, yenye fosforasi nyingi, huozea shambani haraka. Wakatia pia fosfati ya mwamba kutoka Minjingu, Tanzania, ambayo tindikali ya udongo wenyewe huiyeyusha taratibu, wakarudisha maharage katikati ya mahindi na kuyaacha mabua yaoze.

Msimu uliofuata zambarau ilikuwa bado ipo. Kuvu hawajai tena shambani kwa mvua moja, na mwaka huo nyumba yake ilikula unga wa kununua.