Giaboksi ya Kuazima na Swali la Gari Lilelile

Land Rover ya Series III, pikapu ya chesisi ndefu ya inchi 109, ilitoka kiwandani Uingereza kati ya 1971 na 1985. Katika mwambao wa Tanga magari ya namna hiyo bado yanafufuliwa, na baada ya injini, sehemu inayompa fundi kazi kubwa ni giaboksi. Ya asili ina gia nne za mbele, na mgongoni mwake imefungwa boksi ndogo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Ikifa, mara nyingi huletwa nyingine kutoka gari lililokwisha kuchinjwa spea, au hufungwa ya Toyota pamoja na injini yake. Gari likitoka gereji likiwa hivyo, ni lilelile lililoingia? Swali hili lina umri mkubwa kuliko magari.

Kwanza kazi yenyewe. Giaboksi ya Land Rover hii haishushwi chini. Mafundi hufungua viti, sanduku la bati lililo chini yake na sakafu ya kabini, kisha huinyanyua kwa mnyororo na kuipitisha mlangoni. Kabla mpya haijaingia, diski ya klachi hupangwa katikati ya flaiwili, na kifaa kinachofaa zaidi kwa kazi hiyo ni shafti ya mbele iliyotolewa katika giaboksi iliyokufa. Huchomekwa kupitia diski hadi ncha yake ikae kwenye bushi iliyo mwishoni mwa krankshafti. Boliti za presha pleti zikakazwa kwa mkingamo, kidogo kidogo. Ndipo shafti ikachomolewa. Giaboksi inaposogezwa, meno yake yasipooana na meno ya diski, fundi huweka gia na kuzungusha flanji ya nyuma kwa mkono mpaka izame yenyewe. Asiye na subira huivuta kwa kukaza nati, na diski hupinda siku hiyo hiyo.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1 na ya 2, alisimulia kwamba Waathene walihifadhi jahazi la shujaa Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kupigilia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakisema ni jahazi lilelile, wengine wakikana. Mwingereza Thomas Hobbes akalikaza swali mwaka 1655. Kama mtu angeziokota mbao za zamani zote na kuziunga upya kwa mpangilio wake wa awali, kungekuwa na majahazi mawili, na lipi lingekuwa la Theseus? Alichokibuni Hobbes hutokea gereji bila mtu kushangaa, kwa sababu giaboksi iliyotolewa haitupwi. Hupata beringi mpya na kuingia katika gari jingine.

Serikali ina jibu lake, nalo ni fupi. Kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini, giaboksi haiulizwi. Kwa kodi na usajili jibu hilo linatosha. Lakini mwambao unalitia kasoro. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, chesisi ni ya chuma, na upepo wa bahari wenye chumvi hula chuma kwanza. Gari la Pangani linaweza kuwa na milango na mabawa yake ya asili huku chesisi imechomelewa viraka kipande baada ya kipande, mpaka kilichobaki cha kiwandani ni lile pande la mbele kulia, penye springi, palipogongwa namba. Kuweka utambulisho wote wa kitu katika sehemu inayooza upesi kuliko nyingine ni hukumu dhaifu, hata kama ni ya lazima ofisini.

Jibu zito zaidi limesomeshwa mwambao huu kwa vizazi vingi. Imamu Nawawi wa Syria, aliyefariki 1277, aliandika Minhaj at-Talibin, muhtasari wa fiqhi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani. Katika mlango wa ghasbu, yaani kutwaa mali ya mtu kwa dhuluma, fiqhi hiyo inazungumzia ubao uliotwaliwa ukajengewa katika chombo cha baharini. Mgiriki aliuliza kama chombo ni kilekile. Mwanachuoni anauliza ubao ni wa nani. Wahanafi husema aliyetwaa ngano akaisaga amekwisha kuifanya kitu kingine: unga ni wake, na analipa fidia ya ngano. Mashafi hukataa. Unga ni wa mwenye ngano, na upungufu ukiwapo hulipwa. Kwao, kubadilika kwa sura hakukati haki, na ubao hung'olewa ukarudishwa kwa mwenyewe, isipokuwa chombo kikiwa baharini na kuung'oa kukahofiwa kuangamiza roho za watu au mali isiyo na hatia.

Njia hii inalishinda fumbo la Theseus, kwa kuwa inalirudisha swali kwa watu. Mwenye pikapu aliyenunua giaboksi ya halali hana haja ya kujitetea: gari ni lake, na kuliita lilelile au jipya hakumdhulumu mtu. Jambo hugeuka anapoliuza. Mtume, kwa mapokezi yanayojulikana sana, alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji ndani, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Giaboksi isiyo ya asili iliyofichwa chini ya sakafu, gari likinadiwa kuwa la asili tupu, ni umajimaji ule ule, na mnunuzi akigundua ana haki ya kurudisha gari na kudai fedha zake.

Na giaboksi ya wizi, hata ikikaa sawa na kuingiza gia bila mlio, hukumu yake ni ya ule ubao. Pikapu iliyoegeshwa gereji haiko baharini. Sakafu hufunguliwa, nati zikalegezwa, na kitu kikarudi kwa mwenyewe. Gharama ni za aliyetwaa.