Sala ya Jamaa na Haki ya Jirani

Katika nyumba nyingi za Wakatoliki wa Songea, jua likisha kuchwa na vyombo vya chakula vikisha kuondolewa, jamaa hukusanyika kusali rozari. Mmoja huongoza, wengine huitikia, na mtoto mdogo aghalabu husinzia kabla ya fumbo la tatu. Mwishoni hutajwa nia: mgonjwa fulani, marehemu fulani, msafiri, mvua. Desturi hii ni njema, wala haina haja ya mtetezi. Lakini mlango ukibishwa katikati ya fumbo la pili, na anayebisha ametumwa kuomba watu wa kumbeba mgonjwa mpaka barabarani, jamaa wafanye nini? Wamalize kwanza au waondoke?

Wengi watajibu upesi ya kuwa waondoke. Jibu ni sahihi, ila upesi wake waficha jambo. Ikiwa sala yaweza kuachwa kila mara kazi ya huruma inapotokea, basi itaachwa kila siku, maana wenye shida hawakosekani duniani. Na nyumba isiyosali kwa hoja ya kuwa inatenda, baada ya muda huenda ikaacha kutenda pia.

Swali hili lina ukongwe wake katika nchi hii. Peramiho, magharibi ya mji wa Songea, Padre Cassian Spiss alianzisha misheni mwaka 1898. Misheni hiyo ilichomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya, na mwaka 1931 ikawa abasia. Watawa wake huishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Kanuni hiyo ina amri mbili ambazo mtu wa mantiki angeziona zinapingana. Sura ya 43 yaagiza ya kuwa ishara ya sala ikisikika, mtawa aache kilichomo mkononi mwake aende, kwani hakuna cha kutangulizwa mbele ya Kazi ya Mungu. Sura ya 36 nayo yaagiza ya kuwa wagonjwa watunzwe kabla ya yote na juu ya yote. Vitu viwili haviwezi vyote kuwa cha kwanza. Benedikto hakupatanisha amri hizo kwa maneno; alitoa sababu tu, kwamba anayemtumikia mgonjwa amtumikie kama Kristo mwenyewe.

Katika karne ya 17 Mtakatifu Vincent de Paul wa Ufaransa aliifikisha sababu hiyo mbali zaidi, akawafundisha masista wake ya kuwa kuiacha sala ili kumhudumia maskini ni kumwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Neno hili hupendwa sana na wasiopenda kusali. Yafaa wakumbuke ya kuwa liliambiwa wanawake walioamka saa kumi alfajiri kila siku kwa sala.

Uzito wa jambo, basi, haumo katika saa moja ya mlango kubishwa. Umo katika zile nia zinazotajwa kila jioni. Baba akimtaja mjane wa jirani mbele ya Mungu, amekiri mbele ya watoto wake kwamba anaijua haja ya mjane huyo. Hawezi tena kusema hakujua. Mwezi wa Januari, mahindi ya kila mtu yanapodai palizi, mtoto alisikiaye jina la mjane kila usiku hulipita shamba lake asubuhi na kuona majani yamefunika mahindi. Ikiwa jembe la baba halifiki huko kamwe, mtoto amefundishwa kwamba kusali ni njia ya kumkabidhi Mungu kazi ambayo mtu mwenyewe angeiweza. Waraka wa Yakobo ulikwisha kuwakemea wanaomwambia mwenye njaa akashibe, nao hawampi kitu.

Tangu maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, katika miaka ya 1970, sala hii imetoka chumbani ikazunguka nyumba kwa nyumba. Hili ni jema, lakini limekuja na daftari. Aliyetoa mchango wa msiba ameandikwa, na asiyefika kwa wenzake naye anajulikana. Kusaidiana kwa zamu ni haki, na haki si kitu kidogo. Ila haijawa bado huruma. Wamatengo wa Mbinga walikuwa na sengu, ambapo nyumba za ukoo zilileta chakula na kula pamoja, na mambo ya ukoo yakazungumzwa hapo hapo. Nayo ilikuwa na mpaka wake: ukoo.

Mgonjwa wa usiku ule huenda si wa ukoo wala wa jumuiya. Huenda ni Mwislamu, au mgeni aliyepanga juzi, na daftari halina jina lake. Nyumba ya watu wanane haina sababu ya kuinuka yote. Bibi na wadogo waweza kuendelea na mafumbo yaliyosalia. Wenye mabega washike machela. Na jina la mgonjwa waliulize njiani, ili waliorudi wawe na la kutaja kesho.