Hapo Chuoni Tu

Baba mmoja wa Paje hakuwa mtu wa kudharau sheria. Akienda mjini kwa pikipiki alivaa helmeti na kufunga mkanda kidevuni, maana njiani kuna askari wa barabarani. Alasiri, akimpeleka binti yake wa miaka 6 chuoni kusoma Kurani, helmeti ilibaki msumarini. Mtoto alikaa mbele, juu ya tangi, kakumbatia juzuu yake. Bibi akisema, "Mwanangu, mtoto huyo kichwa kitupu," alijibiwa: "Mama, hapo chuoni tu."

Siku moja mbuzi alikatiza. Breki zilishikwa juu ya mchanga, pikipiki ikalala. Baba alichubuka kiwiko. Mtoto alitanguliza kichwa, kwani katika umri ule kichwa ni kizito ukilinganisha na mwili. Akalia, akanyamaza, akanywa maji. Watu wakasema alhamdulillahi, wakatawanyika. Baada ya magharibi akalalamika kichwa, akatapika, kisha usingizi ukawa mzito, haamshiki.

Hapo ndipo wengi tunapoponzwa. Mshipa ukipasuka ndani ya fuvu, damu yaweza kujikusanya taratibu huku mtoto anazungumza na kucheka. Akitapika au akisinzia baada ya kugonga kichwa, hospitali ni saa ile ile, si kesho. Na kutoka Paje hadi hospitali ya Mnazi Mmoja mjini, kwenye taasisi ya upasuaji wa ubongo iliyofunguliwa 2014, ni kama kilomita 50. Njia inapita Jozani, penye matuta yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe. Tumefanya vyema kuwalinda kima. Watoto wetu je?

Ufupi wa safari si kinga. Kichwa kikianguka kutoka kimo cha mita 1 hufika chini kwa mwendo wa kilomita 16 hivi kwa saa, hata pikipiki ikiwa imesimama. Tafiti zimeonyesha kuwa helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Vietnam iliilazimisha mwaka 2007, lakini mwanzoni watoto wengi waliendelea kupakiwa vichwa wazi, kwa kuwa adhabu haikuwahusu. Kumbe kilichoogopwa ni faini.

Binti alipasuliwa, akapona. Ila sura alizokwisha kuzihifadhi zilimpotea, ikabidi aanzishwe tena alifu. Baba alikwenda kununua helmeti. Akapewa ya mtu mzima. Alimvisha, akafunga mkanda, akaitikisa: ikazunguka mpaka ikamfunika macho. Akairudisha, akaagiza ndogo. Hadi ilipofika, walikwenda chuoni kwa miguu.