Mgonjwa wa Akili si Mfungwa

Kumfunga mgonjwa wa akili kamba na kumnyima chakula, ni maombi ao ni azabu? Wengine wanasema: ana pepo. Hata kama ni pepo, katika Marko 5 watu ndio walimfunga yule mtu minyororo, wala hakupona. Yesu alimuuliza jina, akamrudisha kwa jamaa yake.

Tena mlevi wa lutuku, akikatazwa pombe gafula, anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, hata kufa. Tumpeleke kwa munganga. Hapa Lubumbashi kuna Kituo Joseph Guislain. Mwenye kupewa dawa asiziache sababu ya maombi. Tuombe, lakini kwanza tufungue kamba. Amina.