Haki ya Mnyonge Njiani

Watu wakisafiri pamoja, na mmoja wao akawa dhaifu, ni ipi haki yake juu ya wenziwe? Wengi watajibu: angojwe. Jawabu hiyo nalikuwa nayo hata mimi, mpaka Juni 2023.

Nalikwenda Uingereza kuzuru jamaa zangu, wakanichukua pamoja na kundi la watu kumi na wawili kutembea kutwa kando ya ziwa Derwentwater, kaskazini ya nchi ile. Tulipanda mlima Catbells. Urefu wake ni mita 451 tu, lakini karibu na kilele yako majabali ambayo mtu huyapanda kwa mikono na miguu. Msimu wao wa joto ulikuwa ndiyo kwanza unaingia. Majani yalikuwa machanga, na ziwa na visiwa vyake limetulia chini yetu.

Pamoja nasi alikuwako mzee wa kwetu, umri wake umepita sabini. Sisi wa mbele tukenda, tukafika mahali tukakaa, tukanywa maji, tukamngoja. Alipotufikia tukasema, "Haya, mzee amefika, twendeni." Tulifanya hivyo mara nne, na kila mara nikijiona mwema. Mara ya nne akaniambia, wala hakukasirika: "Sheikh, nyinyi mmepumzika mara nne. Mimi sijapumzika hata mara moja."

Nilitahayari, kwani hisabu yake ni sahihi. Mwenye nguvu alipata mwendo autakao, na mapumziko, na juu yake sifa ya kungoja. Mnyonge alipata jasho, na deni la kushukuru. Nami ni mtu wa kuswalisha, najua kwamba imamu ameamrishwa kuwachunga walio dhaifu nyuma yake. Lakini mas'ala hayo yalipotoka msikitini yakapanda mlimani, sikuyatambua.

Mtu aweza kusema: basi asingekuja. Hoja hii si bure, kwani wale kumi na mmoja nao wana haki zao, na mchana una mwisho (japokuwa kule jua la Juni halitui mpaka karibu na saa nne za usiku). Lakini mzee yule hakujileta, alialikwa. Na mwenye kualika amekwisha kuukubali mwendo wa mwalikwa. Ama kumtaka aseme mwenyewe kuwa amechoka, huko ni kumtwika mzigo wa pili. Wazee wetu wengi huona heri kuanguka kuliko kuomba.

Basi tukamtanguliza yeye. Tulichelewa, na vijana wawili wakanung'unika. Tukateremka mpaka msitu wa Brandelhow, ukingoni mwa ziwa, ambao ulinunuliwa mwaka 1902 kwa michango ya watu ili kila mtu apate kupita. Pana gati ndogo hapo. Mzee akasema atarejea kwa mashua. Nikamwambia nitafuatana naye.

Akanitazama, akacheka. "Wanisindikiza mimi, Sheikh, au nawe umechoka?"

Nilikuwa nimechoka kweli.