Kinda Hukua na Utoto Wake

Tumezoea kudhani kwamba kinda akishatoka kiotani salama, yaliyompata humo yamekwisha. Hayakwishi. Katika kisiwa kidogo cha Cousin, huko Shelisheli, huishi kindege anayeokota wadudu chini ya majani; mwaka 1968 walikuwa wamebaki wasiozidi 30 duniani. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu, na mara nyingine watoto wa misimu iliyopita, hasa wa kike, hubaki nyumbani kusaidia kumlisha mdogo wao. Watafiti waliowafuatilia kwa miaka mingi walieleza mwaka 2012 kwamba waliolelewa kwa msaada huo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi hata ukubwani, wakati wa kulishwa umepita zamani.

Mtu atauliza, na ana haki: je, hiyo si damu nzuri ya wazazi tu? Ndiyo maana watafiti walihamisha makinda kati ya viota, wakalelewa na wasiowazaa. Faida ikafuata malezi, si ukoo. Sisemi kila ndege yuko hivyo, wala binadamu si ndege. Lakini njaa ya kiotani, hata ya siku chache, si jambo dogo. Basi wewe unayekata matete kando ya Mto Rusizi hapa Bujumbura, ukikuta kiota chenye makinda, usije ukawafukuza wanaowalisha; tafadhali paache hapo, ukakate kwingine.